Maneno 1,200 kwa siku: kuandika riwaya ya mwezi mmoja mkiwa kundi

Ndugu zangu, karibuni. Leo tunazungumzia kundi la watu ambao uandishi si kazi yao, mwalimu, fundi, muuguzi, mwanafunzi, wanaokubaliana kuandika kila mmoja rasimu ya riwaya yake ndani ya mwezi mmoja. Tuone mtu anaingiaje humo, na kwa nini wengi huishia njiani.

Zoezi hili lilianzia eneo la San Francisco, Marekani, Julai 1999, pale Chris Baty na wenzake, jumla watu 21, walipojaribu kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata alilihamishia Novemba, kwa sababu kule Novemba hali ya hewa ni mbaya na mtu hana hamu ya kutoka nje. Lengo lilikuwa maneno 50,000, sawa na 1,667 kwa siku. Shirika lililokuja kulisimamia, National Novel Writing Month, lilitangaza mwisho wa Machi 2025 kwamba linafungwa. Lakini nguvu ya zoezi lenyewe ilikuwa mitaani, kwenye meza za maktaba na mikahawa ambako watu waliketi pamoja, kila mtu na hadithi yake. Meza ya namna hiyo haihitaji makao makuu.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo waandishi wa Kiswahili wanapojiumiza bure. Elfu hamsini ni kipimo cha Kiingereza. Chukueni ibara ya kwanza ya Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu." Hesabuni, ni maneno 19. Kwa Kiingereza ibara hiyohiyo ina maneno 30. Yale mawili ya mwisho, "watendeane kindugu", Kiingereza kimeyasema kwa maneno tisa. Kitenzi chetu kinambeba mtenda, wakati na mtendwa kwa mpigo mmoja, na kompyuta inahesabu neno moja tu. Kwa hiyo mtu anayekimbilia 50,000 kwa Kiswahili anaandika kitabu kirefu kuliko mwenzake wa San Francisco, kisha anajiona mvivu akishindwa. Ibara moja haitoshi kuwa mizani ya riwaya nzima, kwani masimulizi yana "na", "ya" na "kwa" nyingi. Ndiyo maana sishauri kushuka hadi elfu thelathini na kitu, ambayo ndiyo ingetoka kwa uwiano wa ibara hiyo. Ninashauri 36,000. Gawanya kwa siku 30, unapata 1,200 kwa siku.

Mwezi nao uchagueni wenyewe. Novemba huku kwetu ni msimu wa mitihani ya kidato cha nne, na kundi lenye walimu litapwaya tangu siku ya kwanza. Juni ina siku 30 kamili, na kwa Tanzania shule nyingi huwa likizo. Angalieni pia Ramadhani, ambayo husogea kila mwaka: jioni za mwezi ule zina wenyewe.

Kundi likiwa na watu sita hadi kumi na wawili linatosha. Wakipungua chini ya hapo, wawili wakiugua kikao kimekufa. Wakizidi, linageuka baraza la mazungumzo. Chagueni mratibu mmoja. Kazi yake ni kutunza saa, kufungua na kufunga kikao, na kumpigia simu aliyekosekana mara mbili mfululizo. Si mhariri wa mtu.

Kikao chenyewe kinakwenda hivi. Watu wakishakaa, kila mmoja anataja kwa sentensi moja tukio analotaka kuliandika jioni hiyo. Data zinazimwa. Mratibu anaweka saa dakika 20, watu wanaandika bila kusimama, kisha dakika tano za kunyoosha mgongo na kutaja idadi ya maneno. Anayeandika maneno 300 kwa mzunguko akifanya mizunguko minne amemaliza 1,200, na saa mbili hazijaisha. Pimeni kasi yenu wiki moja kabla. Anayetumia simu kwa kawaida huwa mzito kuliko wa kibodi, basi huyo aongeze mizunguko. Anayeandika kwenye kaunta buku ahesabu maneno ya mistari kumi, atafute wastani, azidishe kwa mistari ya ukurasa.

Kuna sharti moja ambalo msilegeze: mwezi huo hakuna kusomeana kwa ajili ya kukosoa. Rasimu ya siku ya nne bado ni unga mbichi. Mwenzako akisema mhusika wako hana uhai, utarudi kumtengeneza, na siku tatu zitapita ukiwa sura ya kwanza. Hilo ndilo linaloua miswada mingi kuliko kukosa muda. Ukigundua katikati kwamba Asha alipaswa kuwa mjane, andika kwenye mabano "Asha ni mjane tangu mwanzo", kisha endelea kana kwamba umesharekebisha. Jina likikukataa, weka XX, utalitafuta baadaye.

Wiki ya pili ni nzito kwa karibu kila mtu. Ule mwanzo uliokuwa kichwani umekwisha, na mwisho bado haujaonekana. Hapo msaidieni mwenzenu kwa maswali: mhusika anataka nini, nani anamzuia, nini kitaharibika akikosa? Na siku zikimponyoka, deni lisilipwe kwa mkupuo. Aliyekosa siku tatu anadaiwa 3,600. Akizigawa kwa siku kumi na mbili, ni nyongeza ya 300 tu, mzunguko mmoja zaidi. Anayejaribu kuzilipa Jumamosi moja huamka Jumapili hataki kuuona mswada.

Vifaa vina hila zake. Simu nyingi husahihisha maneno kwa Kiingereza, nawe unakuta "wale" imegeuka "whale", yaani nyangumi. Zimeni usahihishaji huo kabla ya siku ya kwanza. Kwenye kompyuta zimeni pia ile mistari myekundu, maana itapigia karibu kila neno la Kiswahili na kukuvuta urudi nyuma. Kila usiku jitumieni nakala kwa barua pepe, yenye tarehe kwenye jina la faili. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi ya jioni imekwenda. Wa kaunta buku wapige picha kurasa za siku hiyo.

Siku ya 30 kutaneni hata wale walioishia maneno 11,000. Kila mmoja asome ukurasa mmoja, watu wapige makofi, msikosoe. Kisha mswada ufungiwe wiki nne kabla ya kuuhariri.

Wanaotaka kujiunga waandike majina kwenye daftari linalozunguka. Kikao cha kwanza njooni na chaja, chupa ya maji, jina la mhusika mmoja na jambo moja analolitaka kwa udi na uvumba.