Ripoti imeandika "serebelamu imesinyaa", sasa nini?

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Leo ni ile mada ambayo mmeniulizia sana, mtu kapiga MRI ya kichwa, ile picha ya mashine ya sumaku, karatasi imerudi imeandikwa serebelamu, yaani ule ubongo mdogo wa nyuma, imesinyaa, basi halali usiku. Kaka Baraka, we upo radiolojia kila siku, tuanzie wapi?

BARAKA: Asante dada Zuhura. Tuanzie hapa nyuma ya kichwa, chini kabisa, juu kidogo ya shingo, ndo inapokaa. Ni ndogo, kama asilimia 10 tu ya uzito wa ubongo, ila ina seli za neva kama bilioni 69 kati ya bilioni 86 za ubongo mzima. Ndo inayopanga mwendo, unashika kikombe bila kumwaga, maneno yanatoka bila kugongana, macho yanatulia. Ikipungua mtu hapoozi, nguvu anazo, ila mpangilio ndo haupo.

ZUHURA: Ndo maana anatembea katanua miguu.

BARAKA: Katanua na anayumba. Mwambie aguse pua yake alafu aguse kidole chako, utaona mkono unavyozidi kutetemeka ukikaribia. Na ulimi unakuwa mzito. Sasa mtaani wanasema huyu kalewa saa mbili asubuhi, na pengine hajawahi kuonja pombe toka azaliwe. Hii inaniuma sana, kuna watu wamefukuzwa kazi kwa hilo.

ZUHURA: Sasa kwenye picha yenyewe unaona nini?

BARAKA: Chukua ile MRI inayotazama kichwa kwa ubavuni, mkato unapita katikati kabisa. Serebelamu nzima inaonekana kama kabichi uliyoipasua, majani yamebanana. Ikisinyaa majani yanakonda, mifereji kati yake inapanuka na maji ya ubongo yanaingia pale, na kwenye picha aina ya T1 maji ni meusi, kwahiyo unakuta mistari minene myeusi mahali palipotakiwa kuwa na uzi mwembamba tu. Ventriko ya nne nayo, kile chumba cha maji ya ubongo kilicho mbele yake, inakuwa kubwa. Na usichanganye na ile ambayo ni ndogo toka mtoto anazaliwa, hiyo ni ndogo sawa, ila majani yake bado yamebanana.

ZUHURA: Na wenye CT tu, ile ya eksirei? Maana MRI sio kila mkoa ipo, na ikiwepo bei yake mnaijua.

BARAKA: CT inasaidia, hasa dharura, damu au uvimbe inaonyesha haraka. Ila pale nyuma kuna mifupa migumu ya masikio kulia na kushoto, inaleta michirizi kwenye picha, kusinyaa kwa mwanzoni kunaweza kupita bila kuonekana. Lakini nisikilizeni hapa, picha inakwambia imepungua, haikwambii kila mara nani kaipunguza. Hilo linatoka kwenye maswali, na sisi mara nyingi tunaletewa fomu imeandikwa "kizunguzungu" basi, neno moja.

ZUHURA: Maswali gani?

BARAKA: La kwanza, imeanza lini na inakwenda kwa kasi gani. Ghafla, dakika au masaa, hicho ni kiharusi mpaka ithibitike vingine, kimbia hospitali. Wiki chache mpaka miezi, mtu mzima alikuwa mzima kabisa sasa hawezi kusimama, hapo lazima utafute saratani iliyojificha, ovari, titi, mapafu, maana kinga ya mwili inapigana na saratani alafu inaua na seli za Purkinje, zile seli kuu za serebelamu. Na hao MRI ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa! Kusinyaa kunaonekana baadaye seli zikishakufa.

ZUHURA: Kwahiyo picha safi haimaanishi huna ugonjwa.

BARAKA: Haimaanishi. Swali la pili pombe, na uulize kwa heshima. Pombe nyingi ya miaka inakula sehemu ya katikati, vemisi, hasa juu na mbele, kwahiyo miguu inaharibika kuliko mikono. Wengi pia wamepungukiwa vitamini B1. Akiacha na akapewa hiyo vitamini, wapo wanaopata nafuu, sio yote ila nafuu ya kweli.

ZUHURA: Na dawa?

BARAKA: Hapo ndo nataka tukae kidogo. Fenitoini, dawa ya kifafa, ipo toka 1938, bei nafuu, imeokoa watu wengi sana na mi siisemi vibaya. Shida yake ukiongeza dozi kidogo, kiwango kwenye damu kinaweza kuruka sana, maana ini linafika mahali linashindwa kuiondoa kwa kasi zaidi. Mgonjwa anayumba, macho yanachezacheza, ndugu wanadhani ni kifafa kimezidi, wanaongeza tena dozi. Ikikaa juu muda mrefu serebelamu inasinyaa. Ila tafadhali, tafadhali, usiache mwenyewe ghafla, degedege linaweza kuja lisikatike. Rudi kwa daktari apime, abadilishe taratibu.

ZUHURA: Na wale watoto wa Mahenge, kule Morogoro?

BARAKA: Ugonjwa wa kusinzia kichwa, aina ya kifafa, kichwa cha mtoto kinaanguka mbele mara kwa mara kama anasinzia. Daktari Louise Jilek-Aall aliwaona kule Mahenge miaka ya 1960, baadaye ukaonekana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Watoto wa Uganda waliopigwa MRI, ubongo ulikuwa umesinyaa kwa viwango tofauti, gamba la juu na serebelamu. Unaenda pamoja na usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaopofusha macho, maeneo yaleyale ya mito, ila jinsi unavyoharibu ubongo bado wanabishana. Na kifafa kikali cha muda mrefu chenyewe kinaweza kupunguza ubongo, kwahiyo kutenganisha ni kazi.

ZUHURA: Za kurithi je?

BARAKA: Muulize babu na shangazi, sio baba na mama tu. Kuna kundi la magonjwa ya kurithi ya serebelamu linaitwa SCA, mzazi mmoja akiwa nalo kila mtoto ana nusu kwa nusu, na aina ya 3 ndo inayoonekana zaidi duniani. Kuna mwingine wa kurithi unaitwa Friedreich, huo unahitaji jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama, na picha yake inadanganya, serebelamu inaweza kuonekana karibu ya kawaida huku uti wa mgongo shingoni ndo umekonda. Huo mwaka 2023 Marekani waliidhinisha dawa ya kwanza, omaveloxolone, kwa kuanzia miaka 16.

ZUHURA: Kuna msikilizaji kauliza arudie MRI baada ya muda gani.

BARAKA: Sina namba moja ya wote, inategemea chanzo na hali yake, daktari wake ndo aseme. Ila ile filamu au CD ya kwanza aitunze aje nayo, maana karatasi ya ripoti peke yake haitoshi, mi nataka niziweke picha mbili pembeni kwa pembeni, mkato uleule, nipime ile mifereji. Na mazoezi na fiziotherapia asisubiri picha, aanze sasa hivi.