Ngazi Yake Mgongoni, Ngazi Yetu Ukutani

Ndugu zangu watumishi waendeshaji, sisi wa vyuo vikuu tusiofundisha darasani, habari za asubuhi. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini nizungumzie kupanda vyeo kwetu. Mimi ni mstaafu wa masijala, nimegonga muhuri wa tarehe miaka yangu yote, kwa hiyo muda nauheshimu.

Nianze na jalada moja. Kuna mwenzetu, simtaji jina wala chuo, aliajiriwa kama Msaidizi wa Kumbukumbu. Jioni akitoka kazini alikuwa anadandia daladala kwenda kusoma Chuo Kikuu Huria, mpaka akapata shahada. Akaandika barua kuomba kubadilishwa kada awe Afisa Utawala. Barua ile akaipokea mwenyewe dirishani, akaigonga muhuri, akaipa namba ya folio na kulipeleka jalada kwa bosi. (Kicheko.) Mnacheka. Najua mtu haruhusiwi kushika jalada lake, lakini siku hiyo masijala ya siri alikuwa peke yake.

Basi akawa analiona likienda na kurudi kwenye trei. Dokezo la kwanza: "Tafadhali shauri." La pili: "Asubiri bajeti." La tatu: "Tukumbushane mwaka ujao wa fedha." Kibali kilipotoka, aliambiwa anaanza Daraja la II, kwa mshahara binafsi. Maana yake mshahara haushuki, ila cheo ni cha kijana aliyemaliza chuo juzi. Wakati huo yeye kwenye kada yake alishakuwa mwandamizi. Na kijana aliyekuwa naye daraja moja, mwenzetu huyu ndiye aliyemfundisha kuandika dokezo.

Tukisema watu wamedumaa, haraka haraka tunaambiwa hawajitumi, hawajiendelezi. Huyu alijiendeleza, na kujiendeleza kwenyewe ndiko kulikomrudisha chini.

Tatizo liko kwenye ngazi. Mwanataaluma ngazi yake anaibeba mgongoni. Akichapisha makala zake, zikasomwa, zikakubaliwa, anatoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, bila kusubiri profesa mwingine astaafu. Idara moja inaweza kuwa na maprofesa watano na hakuna anayemziba mwenzake. Yetu imepigiliwa ukutani. Madaraja ya chini unapanda kwa sifa, muda na tathmini, bajeti ikiwepo. Ukifika juu, lazima kiti kiwemo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi zilizoidhinishwa, na kiwe wazi. Mko sita mnakitazama kiti kimoja, na aliyekikalia ana afya njema, Mungu amzidishie.

Halafu, na maprofesa mliopo mnisamehe, hata viti vyenyewe vya kurugenzi vingi anapewa mwanataaluma. Anaongoza kipindi chake, anarudi darasani, uprofesa wake haujaguswa. Aliyemwelekeza faili lipi liko wapi anabaki kukaimu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma zinasema kukaimu kusizidi miezi sita. Waliokaimu zaidi ya mwaka humu ndani, nyoosheni mikono. ... Haya, shusheni, mtachoka.

Kuna na lile la 2016. Serikali ilisimamisha kupandisha vyeo kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Sababu ilikuwepo: Aprili 2017 orodha ya vyeti feki ilitoka na majina zaidi ya 9,900. Lakini mwenye cheti halali naye alisimamishwa palepale alipo. Mei Mosi 2021, Mwanza, Rais Samia akatangaza vyeo vinafunguliwa, na baadaye likaja neno ambalo sasa kila mtumishi analijua: mserereko. Sijui nani alilichagua. Sisi utotoni tuliserereka kwenye mteremko, hatukuwahi kuserereka kwenda juu. (Kicheko.)

Mserereko umesaidia watu, sitaubeza. Unakurudisha kwenye mstari mmoja na wenzako uliopaswa kuwa nao. Ila aliyestaafu katikati ya kile kipindi hakuna pa kumserereshea. Na pensheni, kwa sheria ya 2018, inatazama wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya ile kumi ya mwisho. Kwa hiyo cheo ulichokwama nacho ukiwa na miaka 54 kinakufuata mpaka kwenye kiti chako cha barazani.

Ninachokitaka mimi ni kimoja: cheo kitenganishwe na kiti. Afisa udahili anayeijua kazi yake kwa miaka ishirini apande kwa ubobezi wake, hata kama hataongoza mtu yeyote. Utaratibu huo si mgeni kwetu. Wanataaluma wanautumia kila siku kwenye jengo lilelile. Chama chetu cha wafanyakazi kikienda mezani na menejimenti kiende na hilo, kabla ya posho. Na wewe binafsi, usijaze PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wetu, siku ya mwisho kama mtu anayesaini mahudhurio. Jaza kazi uliyoifanya kweli, pamoja na ile ya kukaimu, na nakala ya kila barua ikae nyumbani.

Yule mwenzetu alisaini ile barua ya Daraja la II. Amebakiza miaka minne kufika 60. Wiki iliyopita nilimpigia simu kumjulia hali, nikamuuliza kuna jipya. Akaniambia lipo: jalada lake limejaa, wamemfungulia la pili.