Baridi ya Chablis na Uamuzi wa Ghalani

Wanafunzi wangu, leo nawapeleka Chablis, kaskazini mwa Burgundy huko Ufaransa. Divai yenye jina hilo hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, Chardonnay, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunza baridi hufanya nini.

Mzabibu wa Chardonnay huwahi kuchipua. Mwezi wa Aprili matumba yanapofunguka, usiku jalidi bado huanguka, na tumba likiganda limekufa. Miaka ya 2016, 2017 na 2021 wakulima wa huko waliumia sana. Wengine huwasha mishumaa mikubwa katikati ya mizabibu. Wengine hunyunyiza maji usiku kucha ili yagande juu ya matumba. Msishangae: maji yanapogeuka barafu hutoa joto kidogo, na joto hilo ndilo linaloliokoa tumba, mradi maji yasikatike.

Baridi hiyohiyo inayowatesa ndiyo inayowapa divai yao. Zabibu inapoiva hutumia asidi ya maliki, ile ya tufaha bichi, na jua likiwa kali huimaliza upesi. Chablis huimaliza polepole, hivyo zabibu hupata sukari huku ukali ungalimo. Hapo mteremko una thamani kubwa: mashamba 7 ya Grand Cru, yaani daraja la juu kabisa, yapo kwenye kilima kimoja juu ya mto Serein, yakielekea jua la alasiri. Udongo wake wa chokaa umejaa makombe ya chaza wa kale, na wengi hudai wanayaonja. Mimi sitawafundisha hivyo. Kinachowasisimua ulimi ni ukali.

Ghalani, bakteria hugeuza asidi hiyo kuwa ya laktiki, iliyo laini zaidi. Watengenezaji wengi wa Chablis huwaachia bakteria hao wafanye kazi, ingawa huweza kuleta harufu ya siagi. Divai ikikaa juu ya mashapo ya hamira, harufu hiyo hupungua.

Kisha chombo. Tangi la chuma cha pua haliongezi ladha. Pipa kuukuu la mwaloni hupitisha hewa kidogo, divai ikatulia. Pipa jipya huleta vanila na moshi, na kwa Chablis ya kawaida nalipinga kabisa: mkulima amekesha Aprili akilinda kitu ambacho mbao zinakifunika. Grand Cru ya mwaka wenye joto inaweza kulibeba.

Mbele yenu mna glasi mbili. Ya kushoto imetoka tangini, ya kulia pipani. Anzeni na ya kushoto.