Kwa Nini Tuligeuka Siku ya Jua

Ndugu watazamaji, hamjambo. Wengi mmeniuliza kwa nini katika video iliyopita tulirudi kabla ya kufika kileleni, ilhali jua lilikuwa linawaka na theluji ilikuwa imekoma kuanguka tangu siku iliyotangulia.

Jibu lilikuwa chini ya miguu yetu: hatari ya maporomoko ya theluji. Mwanzoni mwa majira ya baridi theluji huwa nyembamba; upande wake unaogusa ardhi hukaa karibu na nyuzi 0, huku uso wake wa juu ukipoa usiku hadi nyuzi nyingi chini ya hapo. Tofauti hiyo husukuma mvuke kutoka chini, nao huzigeuza chembe laini kuwa punje kubwa zenye pembe zisizoshikana. Siku ile nilichimba shimo la kina cha mita moja hivi, nikazichota punje za chini kabisa na kuzifinya kiganjani: zilichuruzika vidoleni kama mchanga mkavu, wakati theluji ya juu yake ilikatika kwa koleo kama tofali. Bamba zito limelalia mchanga. Uzito wa mtu mmoja waweza kutosha kuling'oa.

Upepo nao huongeza mzigo hata baada ya dhoruba kupita, kwa sababu huipakua theluji upande unaoukabili na kuirundika upande wa pili wa ukingo wa mlima.

Taarifa ya maporomoko asubuhi ile ilitaja daraja la 3 la hatari. Kipimo kinachotumika Ulaya tangu 1993 kina madaraja 5, na nakiri kwamba mwaka wangu wa kwanza niliisoma 3 kama alama ya mwanafunzi wa wastani. Nilikosea sana. Nchini Uswisi takriban nusu ya vifo vya maporomoko hutokea katika daraja hilo hilo, maana kwenye 4 na 5 wengi huahirisha safari.

Tulikuwa kwenye mteremko mpole, lakini juu yetu palikuwa na mwingine wa nyuzi 38, na mabamba mengi hung'oka kwenye mwinuko wa kati ya nyuzi 30 na 45. Ghafla tukasikia mguno mfupi, mzito, na ufa ukakimbia mbele ya skii zangu. Huo ndio mlio wa tabaka dhaifu likiporomoka ndani kwa ndani, na laweza kuliamsha bamba lililo mbali na uliposimama. Hatukujadiliana.

Wengine mmeuliza kama helikopta ya uokoaji isingetutosha. Aliyefukiwa akichimbuliwa ndani ya dakika 10 hivi ana nafasi kubwa ya kupona, lakini baada ya nusu saa wengi huwa wamekosa hewa. Kwa hiyo waokoaji wa kwanza ni wenzako, wenye vifaa vya redio vya kumtafutia aliyefukiwa, vya kilohezi 457, ufito wa kuchomea theluji na koleo.

Wiki ijayo nitachimba tena, hatua chache pembeni. Punje zile zikiwa bado zinachuruzika, tutapita palipo chini ya nyuzi 30, pasipo na mwinuko mkali juu yake.