Gérard Oury: Mkimbizi Aliyewavunja Mbavu Wafaransa

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja na mvua yote hii.

Mtu wetu wa leo, Gérard Oury, aliongoza filamu ambayo kwa zaidi ya miaka thelathini haikupata mpinzani kwa mauzo ya tiketi nchini Ufaransa. Lakini alipotimiza miaka arobaini alikuwa mwigizaji wa nafasi za pembeni tu, mara nyingi akipewa kuigiza watu wabaya, na hakuna aliyemdhania kuwa na kichekesho hata kimoja mfukoni.

Alizaliwa Paris tarehe 29 Aprili 1919. Baba yake, Serge Tannenbaum, alikuwa mpiga fidla, Myahudi wa asili ya Urusi. Mama yake, Marcelle Houry, alikuwa mwandishi wa habari, na kijana alijitwalia jina la upande wa mama, akaiacha ile herufi ya kwanza. Alisomea uigizaji, na mwaka 1939 akapokelewa Comédie-Française, jumba la maigizo lenye heshima kuliko yote nchini mwao. Ana miaka ishirini, na mambo yameanza kunyooka. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaingia Paris, na Oktoba 1940 serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani, ikatoa sheria yake ya kwanza dhidi ya Wayahudi. Oury akakimbilia Marseille, kisha Monaco, ambako binti yake Danièle alizaliwa Januari 1942, kisha akavuka mpaka kuingia Uswisi. Alirudi Ufaransa mwaka 1945.

Naomba mlishike hilo, kwa sababu ndilo lililonileta hapa. Ziangalieni filamu zake kubwa: karibu zote zina watu wawili wasioivana, mmoja mkali na mmoja mpole, na nyuma yao kuna watu wanaowawinda. Wanabadili nguo, wanabadili majina, wanapita mpakani roho mkononi. Sisi tunacheka. Ila aliyeiandika hali hiyo hakuisoma kitabuni.

Miaka ya uigizaji baada ya vita nitaipita haraka, maana hata yeye haikumpa mengi. Mwaka 1953 alimwigiza Napoleon katika filamu moja ya Kiingereza, na mwaka huohuo akaonekana katika hadithi ya Graham Greene inayotokea Sierra Leone, akiwa Yusef, mfanyabiashara mjanja mwenye urafiki wa kutiliwa shaka. Mwaka 1958 alishiriki kuandika Le Miroir à deux faces, akaigiza humo daktari wa upasuaji, na huko akakutana na Michèle Morgan, nyota aliyekuwa ameshinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike pale Cannes mwaka 1946. Waliishi pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha.

Alipoanza kuongoza, 1960, alitaka aonekane mtu wa kazi nzito. Filamu zake za mwanzo ni za mikasa na uhalifu, na sidhani kama kuna mtu leo angezikumbuka lau asingefanya nyingine. Aliyemgeuza ni Louis de Funès, ambaye wakati huo hakuwa nyota bado. De Funès alikuwa na kisehemu kidogo katika Le crime ne paie pas ya mwaka 1962. Akimtazama Oury akimwonyesha namna ya kuigiza, akamwambia kwamba yeye ni mtu wa vichekesho, na kwamba hatafika popote mpaka aukubali ukweli huo. Hebu fikirini: mwongozaji anaambiwa na mwigizaji mdogo kwamba hajijui! Wengi wangemfukuza. Oury alimwandikia filamu.

Filamu hiyo, Le Corniaud ya mwaka 1965, ilimkutanisha de Funès na mchekeshaji Bourvil, na tiketi zilizouzwa zilipita milioni 11. Mwanzoni kabisa, Bourvil, mtu mwema asiye na makuu, anaondoka Paris kwenda likizo na kigari chake cha 2CV. Gari kubwa la tajiri linamgonga, na kile kigari kinasambaratika chote kwa mpigo: milango huku, magurudumu kule, yeye kabaki na usukani mkononi. Ili hilo litokee, mafundi walikuwa wamekikata kigari vipandevipande, wakakiunga kwa boliti zenye baruti ndogo za kufyatuliwa kwa umeme. Lakini kinachoua watu kwa kicheko ni kinachofuata. Bourvil hapigi kelele. Anamweleza tajiri, kwa upole kabisa, kwamba sasa gari halitatembea vizuri kama zamani. Mwongozaji ambaye hajawahi kuwa mwigizaji angeridhika na mlipuko. Oury alijua mlipuko unahitaji uso wa mtu.

Na kuna bafu. De Funès alinung'unika kwamba mwenzake anaonekana zaidi yake. Badala ya kugombana, Oury alimwongezea tukio: de Funès, mfupi, mwembamba, anaoga karibu na pandikizi la mtu mwenye misuli kama milima, naye anajaribu kutunisha ya kwake. Hakuna neno linalosemwa.

Mwaka mmoja baadaye ikaja La Grande Vadrouille, ndiyo ile niliyoitaja mwanzoni. Ni 1942, ndege ya kivita ya Waingereza imetunguliwa juu ya Paris, na marubani wanaangukia mikononi mwa Wafaransa wawili ambao hawakuomba ushujaa: fundi rangi, yaani Bourvil, na kiongozi wa okestra ya Opera, yaani de Funès. Zilikuwa zimepita miaka ishirini na moja tu tangu vita viishe. Waliokamatwa, waliosaliti, waliofiwa, wote walikuwa hai na wote wangeweza kununua tiketi. Na waliinunua: zaidi ya tiketi milioni 17, katika nchi yenye watu wasiofika sana milioni 50. Danièle, yule mtoto wa Monaco, sasa msichana wa miaka 24, alikuwa mmoja wa walioiandika pamoja na baba yake.

Bourvil alifariki Septemba 1970, na Yves Montand akachukua nafasi yake katika La Folie des grandeurs. Filamu nzuri, ingawa kwangu mimi upole wa Bourvil haukupata mrithi.

Kisha Rabbi Jacob, 1973. Chanzo chake hakichekeshi hata kidogo: kutekwa kwa Mehdi Ben Barka, mpinzani wa serikali ya Morocco, mjini Paris mwaka 1965. Oury akakigeuza kuwa safari ya tajiri mwenye chuki na kila asiyefanana naye, anayelazimika kujifanya rabi, kiongozi wa dini ya Kiyahudi, sambamba na mwanamapinduzi Mwarabu anayekimbizwa. Filamu ilitoka tarehe 18 Oktoba 1973, vita vya Mashariki ya Kati vikiwa vimeanza siku kumi na mbili tu kabla. Siku hiyohiyo mwanamke mmoja, mke wa mtu aliyesimamia matangazo ya filamu yenyewe, aliiteka ndege iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Nice, akidai pamoja na mengine kwamba filamu isionyeshwe. Polisi walimpiga risasi uwanja wa ndege wa Marseille, akafa. Sijui filamu nyingine ya vichekesho iliyozaliwa katika damu namna hiyo. Watu zaidi ya milioni 7 waliitazama.

Baada ya hapo kasi ilipungua. De Funès alipata shambulio la moyo mwaka 1975 na mradi wao uliofuata ukafa. L'As des as ya 1982, pamoja na mwigizaji Jean-Paul Belmondo, ilijaza kumbi. Za mwisho mwisho, tuseme tu ni za mzee aliyependa kazi yake mno kuiacha. Wakosoaji hawakuwahi kumkweza kama walivyowakweza vijana wa sinema mpya ya miaka ya sitini, lakini mwaka 1998 Chuo cha Sanaa cha Ufaransa kilimchagua kuwa mmoja wao. Alifariki Saint-Tropez tarehe 20 Julai 2006.

Naona projekta iko tayari. Tutaangalia mazoezi ya okestra katika La Grande Vadrouille. De Funès alijifunza kwa bidii kuongoza muziki wa Berlioz, mtunzi wa Kifaransa, kabla ya kupigwa picha, kwa sababu Oury, mtoto wa mpiga fidla, asingekubali mikono ya kubahatisha. Itazameni hiyo mikono. Maswali tutayachukua baadaye.