Kitenzi "deem": neno la herufi nne linalokata shauri

Ndugu zangu mnaonitazama mkiwa nyumbani, hamjambo? Leo sitawatembeza mitaani wala kuwaonyesha majengo. Nimeketi na karatasi moja mkononi, na ninaomba tuzungumzie neno moja tu la Kiingereza lililomo ndani yake. Ni kitenzi ambacho husikii watu wakikitumia wanapopiga soga, lakini ukifungua mkataba, fomu ya bima au barua ya kiofisi, haichukui muda kabla hujakutana nacho. Kitenzi chenyewe ni "deem".

Karatasi hii ni barua niliyoandikiwa na ofisi moja niliyokuwa na mkataba nayo, nikiwa bado mgeni huku. Sentensi yake ya mwisho inasema hivi: "If we do not hear from you within 14 days, you will be deemed to have accepted the new terms." Nilifungua kamusi, nikakuta maana za kuona, kufikiri na kudhani, nikachagua ya mwisho. Nikajitafsiria kwamba nikikaa kimya kwa siku 14, wao watadhani nimeyakubali masharti mapya. Basi sikuona haja ya haraka, kwa sababu mtu akikudhania jambo ambalo silo, unamweleza ukweli na dhana yake inaondoka. Nilipiga simu siku ya 20 kueleza kwamba sikuyakubali masharti yale. Aliyepokea alinijibu kwa upole kwamba suala hilo limekwisha na kwamba nimekwisha kuyakubali. Nilimwambia sikutia saini popote wala sikutamka neno la kukubali. Naye akarudia, bila kupandisha sauti, "You are deemed to have accepted."

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa nilisoma neno nisilolijua. Tafsiri iliyostahili ni "utahesabiwa kuwa umekubali", au kama tunavyoandika katika sheria zetu, "itachukuliwa kuwa umekubali". Tofauti ya kudhaniwa na kuhesabiwa ni kubwa. Anayekudhania bado hajui, na ukimletea ushahidi anaweza kubadili mawazo. Ndiyo maana sheria za Kiingereza zina kitenzi kingine, "presume", ambacho kwa kawaida huacha mlango wazi kwa anayetaka kupinga. Anayekuhesabu kuwa umekubali hashughuliki na yaliyokuwa moyoni mwako. Ameweka kanuni, na kanuni hiyo inakiweka kimya chako mahali pa saini yako.

Mfano mzuri uko mahakamani. Katika kanuni za mashauri ya madai za Uingereza na Wales, nyaraka nyingi zikitumwa kwa posta ya daraja la kwanza huhesabiwa kuwa zimefika siku ya pili baada ya kutumwa, ikiwa siku hiyo ni siku ya kazi. Bahasha inaweza kuwa bado imo katika gunia la posta, lakini kwa macho ya sheria umekwisha kuipokea na siku zako zimeanza kuhesabiwa. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa hila, maana bila tarehe moja inayomfunga kila mtu, wenye mashauri wangebishana bila kikomo juu ya siku ambayo barua ilifunguliwa.

Upo pia upande wake mwepesi zaidi. Ukisoma "if the doctor deems it necessary", maana yake ni "daktari akiona kuwa ni lazima". Hapa kuna mtu mwenye jicho na mwenye madaraka ya kuamua, na kitenzi kinakwambia kwamba uamuzi ni wake, si wako. Kwa hiyo, mimi hujiuliza swali moja kila ninapokutana na neno hili: ni nani anayeona? Akitajwa mtu, ninajua wa kumwendea na kumweleza hoja zangu. Asipotajwa mtu, na sentensi ikasema tu "shall be deemed", ninajua kwamba uamuzi umekwisha kutolewa na karatasi yenyewe, na kilichobaki kwangu ni kutenda kabla ya tarehe.

Uzito huu haukuzuka jana. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilikuwa "deman", yaani kuhukumu, na ni ndugu wa nomino "doom", ambayo zamani ilimaanisha hukumu. Kitabu kikubwa cha kumbukumbu za ardhi kilichotayarishwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William kiliitwa na watu "Domesday", kwa kuwa yaliyoandikwa humo hayakukatiwa rufaa, kama ilivyo Siku ya Hukumu. Hata leo, katika kisiwa cha Man, majaji wa Mahakama Kuu huitwa "Deemsters". Msilichanganye neno letu na "redeem", lenye maana ya kukomboa, kwani hilo limetoka Kilatini na mfanano wao ni wa sura tu.

Kwa upande wa matumizi, irabu yake ni ndefu, "diim". Ukiikatisha unatamka "dim", neno la mwanga hafifu. Husema "they deemed it unsafe" au "it was deemed to be unsafe", na waandishi makini hawatii "as" katikati. Wala huwezi kusema "I am deeming". Na ukimwambia rafiki "I deem you late", atashangaa, kwani katika mazungumzo "think" inatosha. Ninyi mnaotaka kulitumia, liwekeni katika ripoti na barua rasmi.

Barua yangu bado ninayo. Nawasogezea karibu na kamera muione: hii niliyoizungushia wino mwekundu ni tarehe iliyochapwa juu, siku 14 zikahesabiwa kuanzia hapo, na huu hapa pembeni ni mwandiko wangu wa wakati ule, "watadhani", ambao baadaye nilikuja kuukata na kuandika juu yake "nitahesabiwa".