Asidi Iliyochoka na Nauli ya Lori

Ndugu mafundi na wenye karakana wa Nyakato, hapa Mwanza, asanteni kwa kufika. Nimekuja kuzungumzia asidi ya kuondolea kutu, ile mnayotumbukizia mabomba na vyuma kabla ya kuvipaka zinki. Nitakaa zaidi kwenye fedha, maana hapo ndipo naona tunaumia bila kujua.

Asidi ya haidrokloriki inapokula chuma hutoa mapovu ya haidrojeni, na tangini hubaki kloridi ya chuma. Ndiyo ule ukijani unaozidi kukolea. Kila kilo ya chuma inayoyeyuka imekula takriban kilo 1.3 za asidi halisi, yaani kama kilo 4 za ile ya dukani yenye nguvu ya asilimia 32. Chuma kikizidi gramu mia moja kwa lita, kazi inazorota na fundi anasema asidi imechoka. Lakini asidi ile bado imo tangini, imeshikana na chuma.

Sasa tazameni nauli. Asidi inayopandishwa kutoka bandari ya Dar es Salaam inasafiri zaidi ya kilomita 1,100. Katika kila tani, asidi ni kilo 320. Zilizobaki ni maji. Lori la tani 30 linatuletea zaidi ya tani 20 za maji, sisi tulio kando ya ziwa! Ikichoka tunanunua chokaa ya kuipooza, tena kilo 1.3 hivi kwa kila kilo ya chuma, halafu tunabaki na tope zito ambalo hakuna anayelitaka. Na chokaa haiondoi kloridi, ile sehemu ya chumvi iliyotoka kwenye asidi. Hiyo inaondoka na maji hadi ziwani. Ziwa Victoria hupoteza maji mengi zaidi kwa mvuke kuliko kwa Mto Nile, na mvuke haubebi chumvi, huiacha nyuma.

Viwanda vikubwa vya chuma duniani hunyunyizia asidi iliyochoka ndani ya tanuru la nyuzi mia kadhaa. Asidi karibu yote inarudi, na unga mwekundu wa oksidi ya chuma unauzwa kwa watengeneza rangi na sumaku. Kwa karakana zetu tanuru hilo halilipi: mafuta ni mengi na asidi yetu ni kidogo. Utando wa kuchujia nao huokoa asidi iliyo huru tu, yaani isiyoshikana na chuma, na kwenye tangi lililochoka hiyo imebaki kiduchu.

Njia inayotufaa ni kuuza kimiminika chenyewe. Kloridi ya chuma ikiongezewa klorini inakuwa dawa ya kugandisha uchafu kwenye maji taka, kazi ileile ya shabu. Hapo ndipo zinki inapotuharibia.

Mnajua tunavyofanya. Bomba limepakwa vibaya, linarudishwa kwenye tangi lilelile. Linachemka kama uji, zinki inayeyuka, bomba linatoka jeusi tayari kupakwa upya. Fundi ameokoa bomba moja, ila tangi zima limeingia zinki, na kuitenganisha na chuma ni gharama inayomeza faida yote. Wekeni tangi dogo la pembeni kwa kazi hiyo, lenye asidi nyepesi. Zinki huyeyuka upesi, haihitaji asidi kali. Gharama yake ni tangi na nidhamu.

Jambo la pili ni maji ya suuza ya kwanza. Msiyamwage. Kila lita ya asidi mpya inahitaji karibu lita moja ya maji ili ifae tangini, na maji hayo tayari yana asidi mliyoilipia nauli. Ila kumbukeni: asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Karakana moja peke yake haitampata mnunuzi, kwa kuwa hatatuma gari kwa mapipa machache. Zikikusanya pamoja, mazungumzo yanaanza, na atakachouliza kwanza ni vipimo: chuma ni gramu ngapi kwa lita, na zinki ni kiasi gani. Anzeni kuviandika sasa, tangi kwa tangi.